Rili Niliyoona Haya Kuisikiliza

Ukipita Soweto yetu ya Moshi ukasikia mtu ananiita Beringi, usidhani mimi ni fundi wa magari. Mimi ni fundi cherehani, jina langu Idrisa, nashona suruali na makoti pale kibarazani kwetu mwaka wa kumi na moja huu, na hilo jina la Beringi nilipewa siku moja tu, saa sita mchana, jua la utosi, nikiwa nimekaa kwenye tope la Chekereni na suruali imepasuka nyuma kutoka huku mpaka huku (suruali niliyoishona mwenyewe, hapo ndipo penye uchungu). Nilinyamaza muda mrefu nikisubiri watu wasahau, hawakusahau, na kila anayesimulia anaongeza chumvi yake, basi nimeona heri niisimulie mwenyewe kuliko kusimuliwa.

Chanzo chote ni rili. Kwa asiyeijua, rili ni kile kidude kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia samaki, kina bobini ya kukalia mshipi na kishikio cha kuzungushia, ukitupa ndoano mshipi unatoka wenyewe, ukizungusha kishikio unarudi. Na rili yenyewe haikuwa yangu, ilikuwa ya mjomba.

Mjomba Aloisi ni kaka yake mama. Mama yangu ni mtu wa Kilema, mzaliwa wa mgombani kabisa, akaolewa mjini na baba, akasilimu, tukazaliwa sisi wa Soweto ambao Kichagga chetu kinatosha kuombea chakula tu. Mjomba yeye alibaki kwenye kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo, kahawa na migomba, Jumapili kanisani misheni, na kama kuna mtu ninayemhusudu hapa duniani ni huyo. Wala si kwa mali, maana hana za kutisha. Ni kwa ajili ya masikio yake.

Msimu wa kahawa, majirani wa upande ule wote hubeba kahawa yao mbivu mpaka uani kwake, kwa sababu yeye ndiye mwenye mashine ya kumenyea, ile ya zamani ya kuzungusha kwa mkono, chuma kitupu, aliyoachiwa na babu. Mjomba hakai karibu na mashine. Anakaa kule mbali kwenye benchi na wazee wenzake, wanaongea yao, watu wanazungusha, halafu katikati ya maneno anainua kidole na kusema, "Simamisha. Kuna jiwe." Mnasimamisha, mnafungua, mnalikuta jiwe lenyewe dogo kama punje ya mtama. Au anasema, "Gurudumu dogo linadai grisi," mnapaka, na kweli sauti inabadilika mpaka na sisi viziwi tunaisikia. Nimemwona akifanya hivyo tangu niko darasa la pili na mpaka leo sijui anafanyaje, najua tu kwamba hajawahi kukosea hata mara moja nikiwepo.

Jambo la pili, mjomba anavua samaki. Mzee wa mlimani wa umri wake kuvua samaki si kawaida, kwani wengi wao samaki hawamli, wanamwona kama ndugu wa nyoka aliyekimbilia majini, na mjomba mwenyewe hagusi hata mchuzi wake. Alijifunza kuvua ujanani alipokuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa huku tambarare, akapenda ule mvuto wa samaki kwenye mshipi, basi miaka yote hiyo akawa anashuka Jumamosi mpaka Chekereni kwenye bwawa la Mama Neema, anavua, samaki anamletea dada yake Soweto, yeye huyo anapanda zake kwenda kula mtori wa ndizi. Siku moja nilimuuliza, mjomba, kwa nini unavua usichokula? Akanijibu bila kucheka, "Mbona padre anafungisha ndoa."

Sasa, mwaka jana mjomba akapata kiharusi. Alhamdulillahi kilipita, maneno yakarudi, mguu ukarudi na kuchechemea kidogo, ila mkono wa kulia ukabaki mzito na unatetemeka. Na mjomba huyu huyu, aliyekuwa anaendesha uwanja mzima kwa kidole kimoja, akajifungia ndani. Kanisani haendi, bwawani haendi, kwenye benchi hakai, majirani wakija na kahawa anawapitishia ufunguo wa mashine dirishani. Sababu alimwambia mama peke yake: hataki watu waone kikombe kinavyomwagika mkononi mwake. Mama alirudi kutoka Kilema siku ile akakaa jikoni hata taa hajawasha, nikamfuata, akaniambia, "Idrisa, kaka yangu akikaa ndani mpaka masika, hatoki tena. Mimi namjua."

Akaenda tena kumbembeleza, na tena, mwisho mjomba akakubali jambo moja tu. Atatoka Jumamosi kwenda kuvua, endapo atapata rili ya kuzungusha kwa mkono wa kushoto. Yake ya zamani kishikio kilikuwa kulia na hakihami. Kazi ya kununua nikapewa mimi, kwa kuwa mjini ni mimi na pikipiki ni mimi, na mama akanishika bega akasema kama rili haitafanya kazi mbele za watu, bora tusingemwita kabisa. Naomba mlikumbuke hilo neno, mimi nililisahau ndani ya siku mbili.

Nikapanda Kilema kuchukua maelekezo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Kaa. Wewe umewahi kununua rili?"

"Nimewahi kununua cherehani."

"Si haba," akasema. Alikuwa amekaa kitandani, mkono wa kulia ameufunika shuka kama mtoto aliyelala. "Sasa sikia. Rangi usiitazame, rangi ni ya muuzaji. Iweke hapa, nyuma ya sikio. Fumba macho, zungusha polepole, polepole kuliko unavyotaka. Ikisaga, rudisha. Ikikwama mahali pamoja kila mzunguko, rudisha. Kisha kamata kishikio ukitikise kama unavyotikisa jino la mtoto, kikicheza, rudisha. Halafu kihamishie kushoto uanze upya yote, maana kuna rili upande mmoja ni mzima, upande wa pili mgonjwa."

Hapo mimi nikatazama chini, mjomba akaendelea.

"Ukimaliza, kaza breki nusu uvute mshipi. Utoke kama uji unavyotoka kwenye upawa, usitoke kwa kushtuka. Na ule waya unaofunguka wakati wa kutupa, ufungue uufunge mara kumi, usikie kama unajifunga kwa hiari yake. Muuzaji akiongea sana, wewe endelea kusikiliza rili."

"Na nikikosa nzuri?"

"Rudi mikono mitupu, hatutagombana. Lakini usininunulie ambayo hukuisikiliza."

Maelekezo gani tena yaliyonyooka kuliko hayo? Nikashuka nayo yote kichwani mpaka kwenye duka moja la vifaa vya michezo mjini, karibu na soko, mbele wanauza jezi na mipira, pembeni kule ndani kuna fimbo za kuvulia na rili kwenye kabati la kioo. Nikaanza vizuri, haki ya Mungu nilianza vizuri. Nikachukua moja ya kijivu, haina mvuto wowote, nikaiweka nyuma ya sikio, nikafumba macho, nikaanza kuzungusha polepole kuliko ninavyotaka, na nilikuwa mzunguko wa pili niliposikia sauti ya kike ikisema, "Idrisa? Unaongea na nani?"

Nikafumbua macho. Alikuwa Mwajuma, binti wa jirani yetu wa mtaa wa pili, amekuja kununua jezi ya kaka yake. Kwa miezi mitatu nilikuwa najitahidi Mwajuma anione mtu wa maana, nimempunguzia magauni mawili na kumrefushia moja kwa mkono mwepesi kuliko wote niliojaliwa, na sasa amenikuta katikati ya duka nimefumba macho na kidude sikioni kama mzee anayetafuta stesheni ya redio. Nikaishusha ile ya kijivu haraka kana kwamba imeniunguza.

Muuzaji (kijana ananukia marashi, mdomo umepakwa mafuta) akaliona pengo, akaingia. "Boss, hizo achana nazo, hizo za wazee. Mtu wa viwango anachukua hii." Akaniwekea mezani rili ya dhahabu, inang'aa mpaka kioo cha kabati kikaona wivu. "Hii ina beringi kumi na tatu."

"Kumi na tatu," nikarudia, nikitikisa kichwa kama mtu aliyezoea za kumi na mbili. Sikujua beringi kwenye rili zinatakiwa ziwe ngapi. Angesema mia ningetikisa kichwa hivyo hivyo.

"Kumbe na wewe unavua?" Mwajuma akaniuliza.

Hapo, ndugu zangu, ndipo palipokuwa na njia panda. Ningesema, hapana, namnunulia mjomba mgonjwa, na ngoja kidogo niisikilize. Dakika mbili tu zingetosha. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Kidogo kidogo. Sisi huwa tunatumia hizi za beringi kumi na tatu." Sisi! Mimi ambaye ndoano naishika kwa ncha za vidole kama nge. Na nikaona haitoshi, nikaongeza, "Jumamosi tuko Chekereni kwa Mama Neema, njoo uone mambo." Mwajuma akasema atakuja na wenzake, huwa wanapenda kwenda kula perege wa kukaanga pale. Nikafungiwa rili ya dhahabu kwenye boksi lake na nikatoka nayo bila kuizungusha hata robo.

Nyumbani nikahamisha kishikio kushoto mwenyewe, nikakaza kile kiskurubu kwa kidole nikaona kimekubali. Mshipi nikaujaza mpaka ukafura ukingoni, maana mimi bobini ya cherehani siachi nafasi. Baadaye nilikuja kujua kwamba bobini ya rili huachiwa ukingo mdogo, ukiijaza sana mshipi unatoka mafungu mafungu. Lakini hayo ya baadaye yana faida gani.

Jumamosi ikafika. Tulikodi teksi ya jirani, mimi na mama tukapanda Kilema kumchukua mjomba, tukamkuta amesimama mlangoni ameshavaa, koti la kijivu nililomshonea mimi, kofia, viatu vimepigwa kiwi, na mkono wa kulia umezama mfukoni. Njia nzima hakuutoa. Mama alikuwa anaongea mfululizo habari za mvua na bei ya ndizi, kumbe anaogopa.

Kwa Mama Neema ni katikati ya mashamba ya mpunga, mfereji unapita, halafu lipo bwawa lake la perege na kambale, na banda la makuti la kukaangia. Siku ile palikuwa na watu, wavunaji wa mpunga wamekuja kupumzika, familia mbili tatu, na Mwajuma na wenzake watatu wameshakaa kwenye kivuli na sahani yao. Watu waliomfahamu mjomba wakainuka, wakimwita Meku, yaani mzee. "Meku, umepotea sana." "Karibu Meku." Mjomba akawa anaitikia kwa kichwa, mkono mfukoni. Mama Neema, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mfereji, akaja na kikombe chake cha bati kimejaa chai ya maziwa, kile kikombe alichokuwa akimwekea miaka yote. Mjomba akakitazama.

"Weka hapo chini," akasema. "Baadaye."

Nikamwona mama anageuka anatazama mpunga.

Basi nikatoa rili. Nilikuwa nimeisugua kwa kitambaa, jua likaikamata, watu wote wakatazama, na kusema kweli nilijisikia vizuri. Mjomba akaipokea kwa kushoto, akaibana kwapani, akainamisha sikio, akafumba macho mbele ya umati ule bila kuona haya yoyote, akazungusha. Mizunguko mitatu. Akafumbua macho akanitazama mimi, hakuitazama rili.

"Uliisikiliza?"

"Niliisikiliza, mjomba."

"Inasaga."

"Ni mpya hiyo, mjomba, itazoea," nikasema, na kwa kuwa Mwajuma alikuwa anatazama nikapaza sauti, "ina beringi kumi na tatu."

"Sawa," mjomba akasema taratibu. "Basi moja kati ya hizo kumi na tatu imekula mchanga. Hebu tupa wewe kwanza."

Hapo pia nilikuwa na nafasi ya kusema mimi sijui kutupa. Nikaifunga rili kwenye fimbo ya mjomba, nikaivuta nyuma kama nilivyoona kwenye simu, nikaitupa kwa nguvu zangu zote, na ule waya ambao sikuufungua na kuufunga mara kumi ukajifunga wenyewe ndoano ikiwa bado angani. Mshipi ukasimama ghafla, ndoano ikageuza safari, nikaisikia inanipitia sikioni, kisha kimya, nikadhani imedondoka nyasini. Nikavuta. Kitu kikanivuta nyuma. Nikavuta zaidi, kwa hasira, na hapo nikasikia sauti ambayo fundi nguo yeyote anaijua hata akiwa usingizini. Ule mshono wa katikati ya makalio nilikuwa nimeupiga mara moja tu badala ya mbili, siku nyingi nimesema nitaurudia. Uliachia wote.

Watu walicheka, wala siwalaumu, ningecheka na mimi. Mwenye akili angeacha hapo. Mimi nikaichomoa ndoano kwenye suruali, nikashika pengo kwa mkono mmoja, nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Iko sawa, hiyo ilikuwa ya kupima," nikatupa mara ya pili kwa mkono uliobaki. Mshipi ukatoka rundo zima kwa pamoja kama kiota cha ndege, ndoano ikaanguka majini hatua mbili tu kutoka miguuni pangu, pale pale kwenye majani, na sijui ni bahati gani hiyo, kambale alikuwa amekaa hapo hapo anasubiri.

Fimbo ikapinda. Nikashika kishikio, nikazungusha mara moja, mara ya pili kikatoka. Kikatoka kizima, kikabaki mkononi mwangu kinang'aa, na mimi nakitazama.

Mwajuma ndiye aliyesema, kwa ile sauti yake ya upole, "Hiyo beringi ya kwanza. Zimebaki kumi na mbili."

Basi banda zima likalala chini. Mama Neema alishika nguzo. Katika kuchanganyikiwa kishikio kikaniponyoka kikaingia majini, nikasahau kambale, nikasahau suruali, nikakifuata, hatua ya kwanza tope la magoti, ya pili nikakaa nalo, plop, na fimbo nikaitupa nyuma ukingoni ili nijishike. Ndivyo jina lilivyopatikana. Lakini kilichofuata hao wanaonicheka hawakukiona vizuri, kwa kuwa walikuwa wananitazama mimi, na mimi nilikuwa chini kwenye tope nikitazama juu, nikamwona mjomba.

Fimbo ilikuwa inaburuzwa kwenda majini. Mjomba akaikanyaga kwa ule mguu wa kuchechemea. Akainama, akachukua kile kikombe cha bati, akaimwaga chai yote nyasini. Kisha mkono wa kulia ukatoka mfukoni. Niliuona unatetemeka, niliona vidole vinatafuta sikio la kikombe, vinalikosa, vinalitafuta tena, na vikaingia. Akauzungusha mshipi kikombeni kwa mkono wa kushoto, duru moja, mbili, tatu, huku anarudi nyuma hatua kwa hatua. Kambale akivuta sana, mjomba anakilegeza kikombe mshipi uteleze. Kambale akichoka, anazungusha. Kikombe kilikuwa kinatetemeka muda wote na hakikumsumbua kitu. Hana breki, hana beringi hata moja, ana kikombe cha chai cha Mama Neema, na mshipi unatoka na kurudi kama uji kwenye upawa. Sikuwahi kuona kazi nzuri kama ile, hata kule kwenye kahawa. Nilisahau kabisa nimekalia maji.

Kambale alipotolewa, mkubwa wa kujaza beseni, ndipo watu wakageuka wakapiga makofi, na mjomba alikuwa ameshamkabidhi mama. Mwajuma akaja kunivua mimi sasa, akanifunga khanga yake kiunoni kwa mafundo mawili, nikasimama pale fundi mzima wa suruali nimevaa khanga ya maua, watu wanaanza upya. Mama Neema akasuuza kikombe, akakijaza chai tena, akampa mjomba mkononi bila kufikiri. Mjomba akakipokea. Kwa mkono wa kulia. Akanywa, chai ikamwagikia kotini, akanywa tena, ikamwagika tena, na katika watu wote wale hakuna aliyekuwa na jicho la kutazama koti la mzee wakati Beringi amesimama pale na khanga.

Nilipomsogelea kuomba radhi akaniinamia, akasema kwa sauti ndogo, "Leo hakuna aliyeutazama mkono wangu, mjomba. Umenistiri." Mimi, mtu niliyekuwa sina stara hata ya kwangu. Nililia kidogo, nikasingizia tope.

Sasa radhi yenyewe ilikuwa bado, maana nilikuwa nimedanganya, nimesema niliisikiliza. Mama alipojua hakunigombeza, aliniambia tu nenda Kilema na isale, kwao ndivyo mtu anavyoomba msamaha, unampelekea jani la isale na yeye hawezi kulikataa. Nikapanda wiki iliyofuata, nikaliona isale limejipanga pembezoni mwa kihamba, nikang'oa shina zima ili heshima iwe kubwa, nikaingia nalo uani. Mjomba alikuwa kwenye benchi. Nje, na wazee wenzake, na mashine inazunguka.

"Shikamoo mjomba. Sikuisikiliza ile rili. Niliona haya."

"Marahaba. Hilo nililijua kabla hujashuka kwenye teksi." Akalitazama shina langu. "Isale halikataliwi, nimepokea. Lakini jani moja lingetosha, mjomba. Umeniletea mpaka wa shamba."

Wazee wakacheka, nikatumwa kwenda kulirudishia lilipokuwa kabla jirani hajapita, na Jumatatu nikamshusha mjomba mjini mwenyewe, kwenye duka lile lile. Mkono wake ulikuwa unatetemeka sana kuishika rili nyuma ya sikio, kwa hiyo ikabidi niishike mimi katikati, sikio lake upande huu, langu upande huu, na yeye anazungusha kwa kushoto. Watu wawili wazima, vichwa vimegusana, macho tumefumba, katikati ya duka. Mlango ulifunguliwa mara kadhaa, watu wakaingia, yule muuzaji akakohoa mpaka akachoka. Sikufumbua. Tulirudisha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ikazunguka, ikazunguka, na mimi nikakaza sikio nikaona aibu kusema ukweli.

"Mjomba, mimi sisikii kitu."

"Eh," akasema. "Ndiyo hiyo."

Nikafumbua macho. Ilikuwa ile ya kijivu niliyoishusha kwa haraka siku ile. Tangu hapo nimeapa, kitu chochote kinachozunguka, iwe rili, iwe cherehani, iwe feni, sikinunui mpaka nimekiweka sikioni, aingie atakayeingia. Mwajuma akipita kibarazani ananiita Beringi, naitika.